Tarumbeta Kando ya Mashine ya Unga

Fundi Sponji hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo ndiyo yaliyomponza.

Siku moja, binti yake wa kwanza akiwa bado mtoto wa kubebwa mabegani, bendi ya harusi ilipita mtaani kwao. Mbele alitembea bwana mmoja mnene mwenye tarumbeta, mashavu yamejaa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, na nyuma yake bibi harusi akinyata kwa madaha. Mtoto akainama sikioni kwa baba yake, akauliza, "Na mimi siku yangu nitapigiwa?" Baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupuliza kitu zaidi ya moto wa jiko, akajibu, "Nitakupigia mimi mwenyewe." Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema "tutaona", kama wasemavyo wazazi wenye akili zao, na mambo yakaishia hapo.

Watoto husahau kunawa mikono na husahau walikovulia kiatu cha pili, lakini ahadi hawaisahau. Huyu alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye duka la dawa, akapata mchumba. Wakwe wakaja, wakakaribishwa, mazungumzo yakaenda vizuri na siku ikapangwa. Wageni walipokuwa mlangoni wakitafuta viatu vyao, binti akasema kwa upole, kana kwamba anawakumbusha watu kuchukua miavuli, "Na asubuhi hiyo, nikitoka nyumbani, baba atanipigia tarumbeta."

Mkwe mwenzake akasimama na kiatu kimoja mkononi, akamtazama fundi kwa heshima mpya. "Kumbe bwana ni mpigaji?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kucheka na kuyageuza maneno kuwa utani. Fundi akamtazama binti yake, akaona anavyomtazama, akasema, "Ndiyo."

Mkewe alisubiri wageni wapotelee kwenye kona. "Baba watoto," akasema, "tarumbeta gani?"

Kwa kazi yeye alikuwa fundi wa makochi, na jina la Sponji alipewa kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila vipande vya sponji kwenye nywele. Alikuwa fundi kwelikweli. Kochi lililokwisha kukata tamaa, lililotoa springi nje kama ulimi, lilifika kwake na kurudi kwa mwenyewe likiwa limenyooka na kuvaa kitambaa kipya. Ila karakana yake ilikuwa kibaraza tu cha duka, ubavuni mwa zahanati, chini ya bango lililoandikwa KIMYA TAFADHALI, kwa hiyo mambo ya tarumbeta pale yalikuwa hayawezekani. Ikabaki nyumbani.

Na nyumbani ndipo penye kazi. Waliishi kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili vyao kati ya sita vilivyopangana chini ya paa moja, na mjenzi, kwa ubahili au kwa uvivu, aliziacha kuta kabla hazijafika juu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza unaitikiwa "afya" chumba cha mwisho. Mtu akigombana na mkewe, asubuhi majirani wanamwangalia kwa macho ya hakimu. Siri pale ilikuwa kama maji kwenye chujio, na fundi alilijua hilo kuliko wengi, maana yeye mwenyewe alizijua siri za watu ambazo hakuzitafuta.

Tarumbeta aliazima kwa Kapteni, mzee aliyeongoza bendi za harusi kwa miaka na sasa amestaafu. Ndiye yule yule bwana mnene wa siku ile, ila mashavu yalikuwa yamenywea. Kapteni alikubali kumfundisha wimbo mmoja wa kumtoa bibi harusi nyumbani, mfupi, usio na mbwembwe, kwa sharti kwamba kochi lake livalishwe upya. "Midomo ibane, tumbo lisukume," akamwambia. "Mengine ni mazoezi. Nenda kafanye nyumbani."

Akaenda akafanya nyumbani. Alichagua saa nne asubuhi, siku ambayo karakana ilikuwa haina kazi, akakaa kitandani, akabana midomo, tumbo likasukuma. Sauti iliyotoka hata yeye ilimshtua. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, ndefu zaidi, na mwishoni ikapanda kama mtu aliyekanyagwa. Kabla hajapumua mlango ukagongwa.

Alikuwa Nesi wa chumba cha jirani. Amejifunga shuka, macho mekundu, na mikononi amekwisha kuvaa glavu. "Shemeji," akasema, "uchungu umeanza saa ngapi?"

"Uchungu wa nani?"

"Wa huyo anayelia humu ndani."

Fundi akamwonyesha tarumbeta. Nesi akalitazama, akamtazama na mwenyewe, akavua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nilidhani ni mapacha," akasema, akarudi kulala.

Angegomba, fundi angepata la kujibu. Lakini Nesi hakugomba, na hilo lilimuumiza. Mama yule alifanya kazi zamu ya usiku miaka nenda miaka rudi, na nusu ya watoto wa mtaa ule mtu wa kwanza kumuona duniani alikuwa yeye, binti huyu wa fundi akiwemo. Mtu wa namna hiyo hanyimwi usingizi. Fundi akaona haya, akaapa kwamba tarumbeta lile halitasikika tena nyumbani pale mpaka siku ya harusi.

Sasa fundi wa makochi ukimwambia habari ya kuzuia sauti, umemwambia habari ya kazi yake. Alianza kwa kukata sponji mviringo, akaichomeka kwenye mdomo mpana wa tarumbeta kama kizibo. Sauti ikapungua, ila bado ilipenya. Akalivalisha tarumbeta zima koti la sponji, limeshonwa vizuri na lina vifungo. Bado. Mwishowe akalihamia kabati la nguo. Akalipigilia sponji pande zote, juu na chini, akaweka kigoda ndani, akajifungia mle kati ya magauni ya mkewe, akapuliza. Mkewe aliyekuwa nje ya kabati alisikia kitu kama nzi kwenye chupa. Wa chumba cha jirani hakusikia chochote.

Wakaishi hivyo. Mkewe akitaka nguo alipiga hodi kwenye kabati, mumewe akamkaribisha, akamkabidhi gauni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tarumbeta. "Wenzangu nguo zao zinanukia marashi," mama watoto alilalamika, "zangu zinanuka pumzi." Lakini alikuwa akimpelekea maji ya kunywa humo kabatini, na joto lilipozidi alikaa nje na kumpepea kwa ufa wa mlango. Fundi akazidi kujiamini. Wimbo wote aliujua kwa vidole, akaanza hata kujitamani kidogo, maana kwenye kabati lenye sponji kila mtu ni hodari.

Kapteni alipomwita uani kwake amsikilize, fundi akasimama kifua mbele, akapiga. Kuku wawili waliokuwa karibu hawakuinua vichwa.

"Endelea," akasema Kapteni.

"Nimemaliza."

Kapteni akajikuna kidevu. "Wewe hupigi tarumbeta. Wewe unapoza chai. Umejifunza kupiga kama mtu anayeomba radhi, na bibi harusi hatolewi kwa radhi. Tafuta mahali ukapige kwa pumzi zako zote, ama sivyo wakwe watadhani una pumu."

Akatafuta. Alijaribu uwanja wa mpira, watoto wakamfuata kundi zima wakimwiga kwa mikono. Alijaribu nyuma ya bohari, mbwa wakajibu. Mtu anaweza kuzunguka mji mzima na dawa iko mlangoni kwake, maana mbele ya nyumba yao, ng'ambo ya uchochoro tu, palikuwa na mashine ya kusaga. Mwenye mashine aliitwa Pumba, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya maneno yake, naye jina aliliitikia bila kinyongo. Mashine ile ikiwaka, watu waliongea kwa kuonyeshana vidole. Kwa heshima ya Nesi na usingizi wake, Pumba alikuwa amekubaliana na majirani kwamba haitawaka kabla ya alasiri, na sharti hilo hakulivunja hata mara moja.

"Pigia humu ndani," Pumba alimwambia. "Humu hata ukitukana mawaziri hakuna atakayejua."

Basi kila alasiri, akifunga karakana, fundi aliingia kwa Pumba, akasimama kwenye kona karibu na mota, akaufungulia wimbo. Raha iliyoje. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hakuna aliyegeuka. Kina mama kwenye foleni walimuona anavimba na kunywea kama puto, sauti yake wasiisikie, wakaona ni mambo ya kiume tu. Yeye mwenyewe alijisikia kwa ndani, kwenye meno na kwenye mifupa ya uso, na alichokisikia kilimpendeza. Alirudi nyumbani mweupe pe, kuanzia nywele mpaka kope.

"Ulienda kusaga au kusagwa?" mkewe aliuliza, akimkung'uta mlangoni. Lakini alikuwa akicheka, na fundi alikuwa hajalala vizuri hivyo tangu ujana wake.

Zikiwa zimebaki siku chache, akamwalika Kapteni aje amsikilize. Kapteni akasimama karibu naye kabisa, sikio limeelekea tarumbeta, na baada ya muda akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Pumzi ipo, sauti ipo, wimbo umekaa sawa. Ndipo umeme ukakatika.

Mashine haizimiki kama taa. Hupunguza mwendo polepole, na mngurumo wake hushuka na kushuka mpaka uwe mnong'ono. Fundi, macho amefumba, hakujua kitu. Mashine ikashuka, na tarumbeta likashuka nayo. Wimbo wa bibi harusi ukateremka kama mtu anayeshushwa kisimani kwa kamba, mpaka noti ya mwisho ikakoromea chini kabisa na kufia hapo. Fundi akafumbua macho. Mahali pote kimya. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Poleni kwa msiba," na wenzake wakaangukiana kwa kicheko.

"Rudia," akasema Kapteni, "sasa hivi, bila mashine."

Akarudia. Noti ya kwanza ilitoka, ya pili ikaitafuta ya kwanza isiione, ya tatu ikaenda njia yake. Akajaribu tena na tena, jasho likichora mifereji kwenye unga usoni. Kapteni akamshika bega. "Rafiki yangu, sikio lako limemwegemea huyo," akasema, akiionyesha mashine. "Yeye ananguruma sauti moja, na wewe umejenga wimbo wote juu ya mgongo wake. Akiondoka, nyumba inaanguka. Ungekuwa na mwaka mzima ningekunyoosha. Huna."

Fundi alirudi nyumbani akiwa ameishiwa. Watu walicheka, naye hakuwalaumu, angekuwa foleni angecheka. Kilichomtisha ni ile asubuhi, mlango ukifunguliwa, binti yake akitoka, na yeye kusimama pale mbele ya wakwe akitoa sauti za ng'ombe aliyekwama. Alimkuta binti sebuleni anakunja vitambaa vya meza vya kupeleka kwake. Akakaa karibu naye, akakunja kimoja, akakikunja vibaya.

"Mama," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "naona Kapteni ndiye apige. Mimi nitasimama pembeni yake. Bado itakuwa vizuri."

Binti akakichukua kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. "Sawa, baba," akasema.

Basi. Hakununa, hakuuliza kwa nini. Fundi aliijua "sawa" ile. Ndiyo aliyoitoa alipokosa sare ya shule mwaka ule kazi zilipokauka, ndiyo aliyoitoa walipomwambia safari ya darasa imeshindikana. Ilikuwa "sawa" ya mtoto anayemtunzia mzazi heshima yake. Fundi alitamani binti amgombeze.

Jioni alimkuta Nesi bombani, amekwisha kuvaa sare, anajaza chupa yake ya maji kabla ya kwenda zamu.

"Nesi, nina ombi, na lenyewe ni la aibu."

"Aibu zote huwa naziacha wodini, shemeji. Sema."

Akasema. Alisema yote, habari ya mashine na sikio na mgongo wa wimbo, na kwamba bibi harusi anatoka asubuhi, saa ile ile Nesi anayorudi kulala. Nesi akafunga bomba.

"Yaani muda wote huu umelifungia tarumbeta kabatini ili nilale, halafu leo unaniomba mashine nzima ingurume nikitoka zamu?"

"Ndiyo," akasema fundi, akitazama ndoo.

"Kwa muda gani?"

"Wimbo mmoja tu."

Nesi akakaza kizibo cha chupa, kisha akakikaza tena ingawa kilikuwa kimekaza. "Kuta zetu unazijua zilivyo," akasema. "Nimemsikia mtoto akikwambia sawa. Mtoto yule nilimpokea mimi kwa mikono hii. Ile sawa sikuipenda. Twende kwa Pumba."

Pumba hakuwa na tatizo na saa. Tatizo lake lilikuwa lingine. "Mashine haizungushwi tupu," akasema. "Inajiumiza. Lazima iwe inasaga."

"Hata mimi nataka isage," fundi akasema. "Ikiwa tupu sauti yake inakuwa nyembamba. Siyo ile ninayoijua."

"Na asubuhi ya harusi nani ataleta nafaka?"

"Hilo niachieni," akasema Nesi, akaangalia saa yake, akaondoka kwenda kazini.

Siku ya harusi gari la maharusi lilisimama mdomoni mwa uchochoro, limepambwa kwa tepe. Wakwe walifika wamependeza, wakapangwa upande mmoja. Wakaanza kuona mambo. Kutoka kila mlango majirani walikuwa wanatoka na nguo zao za harusi, vilemba na suti, na kila mmoja ana kidebe cha nafaka. Foleni ikajipanga mbele ya mashine. Mbele kabisa alisimama Nesi, bado na sare ya zamu, macho mekundu, na debe zima kichwani. Pumba mwenyewe alikuwa amevaa suti nyeusi, na juu ya suti akafunga gunia kama aproni.

Mkwe akamwinamia Kapteni. "Samahani, mzee. Huku kwenu bibi harusi hutolewa kwa kusaga?"

"Kuanzia leo," akajibu Kapteni.

Binti hakuambiwa kitu. Alikuwa ndani na mama yake, amekwisha kuvikwa shela, anasubiri Kapteni aanze. Alichosikia ni mashine ikiwaka, saa ambayo haikuwahi kuwaka tangu azaliwe. Akadhani kuna mtu amekosea. Kisha mama yake akafungua mlango.

Fundi alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mashine, na suti yake mpya ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe mabegani. Nesi akamimina. Mashine ikapokea mzigo, sauti ikanenepa, ikawa ile anayoijua. Akabana midomo, tumbo likasukuma, na tarumbeta likapasua uchochoro kutoka mwanzo mpaka mwisho, juu ya mngurumo, safi, kubwa, bila kuomba radhi kwa mtu. Wote walisikia, hata dereva ndani ya gari.

Wimbo ule umetungwa kwa ajili ya bibi harusi anayetembea. Huyu hakutembea. Alisimama mlangoni, shela imeinuliwa, anamtazama baba yake, na mama yake akimsukuma kiunoni hasogei. Wimbo ukaisha na bibi harusi yuko pale pale, ikabidi fundi aurudie. Majirani wakaharakisha kumimina, kidebe baada ya kidebe, na Pumba akaanza kumwonyesha fundi vidole, videbe vitatu, viwili, kimoja. Ndipo binti akaanza kuja, polepole, moja kwa moja kwa baba yake badala ya kwenye gari. Punje za mwisho zikaingia. Mashine ikabaki tupu, sauti yake ikapanda, na tarumbeta, kama kawaida yake, likapanda nayo, likaenda juu mahali ambapo Kapteni hakuwahi kulifikisha katika enzi zake zote, likakaa huko mpaka Pumba alipozima swichi.

Kimya kikaingia, na unga ukawa unashuka taratibu juu ya watu wote, wakwe na wenyeji. Nesi alikuwa ameketi juu ya debe lake tupu, anajifuta macho, na akasema ni vumbi.

"Baba," akasema binti, "umenipigia."

Fundi alikuwa na maneno. Aliyaandaa kwa muda mrefu, maneno ya mzazi kwa mwanawe anayekwenda kuanza maisha, na safari hii hakuna hata moja ambalo angelijutia. Lakini midomo ilikuwa imekufa ganzi kabisa, imevimba, haimtii. Akaona unga kwenye shavu la binti yake, akanyoosha mkono amfute. Mkono wenyewe ulikuwa mweupe kuliko shavu. Wanawake wakaja mbio na leso kumsafisha, binti akawazuia, akaingia ndani ya gari hivyo hivyo, akaenda kwa mumewe na vidole vinne vya baba yake shavuni.